Gari kuukuu: Piga hesabu kabla ya kupiga rangi

Wenye magari yaliyokwisha tumika miaka 15 au 20 hufikwa na swali moja mapema au baadaye: bodi iliyoanza kuliwa na kutu na rangi iliyofifia vitengenezwe, au gari liuzwe lilivyo? Wengi hulijibu kwa macho. Gari likiwatia aibu hupelekwa gereji; wakiona halijawa baya sana, huachwa mpaka sakafu itoboke. Kwa mfanyabiashara mdogo ambaye gari ni sehemu kubwa ya mtaji wake, jibu lisilo na hesabu linaweza kumla faida ya mwaka mzima.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Fedha za matengenezo zilinganishwe na kile zitakachoongeza, ama kwenye bei ya kuuzia, ama kwenye siku ambazo gari litaendelea kuingiza fedha. Kiasi ambacho mwenye gari alilinunulia miaka iliyopita hakimo katika hesabu hiyo. Fedha hizo zilikwisha toka, na mnunuzi wa leo hazimhusu.

SOKO LINAVYOPANGA BEI

Bei ya gari kuukuu nchini Tanzania hufuata kwa karibu gharama za kuingiza jingine la aina hiyo kutoka nje, hasa Japan. Hali hiyo ilianza kujengeka baada ya mwaka 1984, Serikali ilipowaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa zilikotoka. Kabla ya hapo gari lilikuwa adimu, na mwenye Peugeot au Datsun aliliraka mpaka mwisho kwa kuwa hakuwa na pa kupata jingine. Leo mnunuzi ana njia mbili mbele yake: gari la mkononi kwa mtu, au la yadi lililoshuka bandarini karibuni.

Kwa sababu hiyo, bei ya gari la yadi ndiyo dari. Hata lipigwe rangi nzuri namna gani, gari lililotembea barabara zetu miaka kumi haliwezi kuuzwa kwa bei ya lile lililoshuka juzi, maana mnunuzi ataongeza kidogo na kwenda yadi. Shilingi inaposhuka thamani dhidi ya dola, au ushuru unapopanda, dari hiyo hupanda nayo, na kutengeneza gari la zamani huanza kulipa. Shilingi inapoimarika, mambo hugeuka.

Sheria nazo zina mchango wake. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika zaidi ya miaka minane tangu kuundwa. Tanzania inaruhusu, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Hivyo Mkenya mwenye gari la miaka 15 hana mshindani wa umri huo anayeshuka Mombasa, bali hushindana na magari mapya zaidi na ya bei ya juu. Mtanzania hushindana na gari la umri uleule ambalo halijaonja barabara ya vumbi.

HESABU YA ANAYETAKA KUUZA

Anayetaka kuuza anahitaji tarakimu tatu: bei ya gari kama lilivyo, bei ya gari la aina, mwaka na injini hiyohiyo ambalo bodi yake ni safi, na gharama ya kazi. Tarakimu mbili za kwanza hupatikana kwa kuzungukia yadi na kuuliza madalali watatu au wanne, bila kutegemea mmoja. Bei anazotaja dalali kwa muuzaji na zile anazotaja kwa mnunuzi hazilingani, hivyo ni vyema kuuliza kwa sura zote mbili.

Tuchukue mfano wa hesabu. Gari dogo la saluni lingeuzwa Sh. 4,500,000 lilivyo, na Sh. 6,000,000 kama bodi na rangi ni safi. Fundi anataka Sh. 1,800,000 kulinyoosha, kuziba kutu na kulipiga rangi lote. Tofauti ya bei ni Sh. 1,500,000, kwa hiyo mwenye gari atakuwa amelipa Sh. 300,000 kutoka mfukoni mwake ili amkabidhi mtu mwingine gari zuri. Hapo hazijahesabiwa wiki tatu za kusubiri wala chai ya dalali.

Sasa tuseme mwenye gari huyo haendi mbali hivyo. Ananunua digadi iliyotumika yenye rangi ileile, ananyoosha mlango mmoja, anasafisha ndani na kung'arisha rangi iliyopo. Kazi yote inamgharimu Sh. 450,000, na gari linauzwa Sh. 5,300,000. Bei imepanda Sh. 800,000 na faida iliyobaki ni Sh. 350,000.

Tarakimu hizi ni za mfano, lakini mwelekeo wake huonekana mara nyingi sokoni. Shilingi za kwanza za matengenezo, zile zinazoondoa kasoro ambayo mnunuzi huiona akiwa hatua kumi, ndizo hurudisha fedha. Zile za mwisho, zinazotafuta ukamilifu, hufaidiwa na mnunuzi.

Vipuri vya mtumba ndivyo vinavyowezesha hesabu ya namna hiyo. Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam, kama ilivyo Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mlango, boneti, taa au sehemu nzima ya mbele ya gari iliyokatwa Japan hupatikana tayari ikiwa na rangi ya kiwandani. Kwa mlango uliobonyea vibaya, mara nyingi ni nafuu kununua mwingine kuliko kumlipa fundi siku tatu za nyundo na pati. Linalohitajika ni kulinganisha namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha gari na ile ya gari kilikotoka kipuri.

HESABU YA GARI LA KAZI

Kwa pikapu ya mizigo, teksi au gari la kusambazia bidhaa, bei ya kuuzia si kipimo kikuu. Kipimo ni gharama ya kila siku ya kazi itakayopatikana.

Mfano mwingine. Pikapu inamwingizia mwenyewe Sh. 40,000 kwa siku baada ya mafuta na dereva. Sakafu ya nyuma imetoboka na kutu imepanda kwenye kabini. Kazi ya kuchomelea na kupiga rangi ni Sh. 2,000,000, na gari litalala gereji siku 20, ambazo ni Sh. 800,000 zisizoingia. Gharama halisi basi ni Sh. 2,800,000. Iwapo baada ya hapo pikapu itafanya kazi miaka miwili zaidi, siku 280 kwa mwaka, ni siku 560. Kila siku moja imenunuliwa kwa Sh. 5,000.

Njia ya pili ni kuuza pikapu hiyo na kuongeza Sh. 10,000,000 kupata nyingine nzima. Ikidumu miaka sita kwa siku zilezile 280, ni siku 1,680, na kila siku imenunuliwa kwa karibu Sh. 6,000 kabla ya riba ya mkopo, kama fedha zimekopwa. Hapo kutengeneza kunashinda, tena bila kuingia deni.

Lakini badili tarakimu moja tu. Iwapo matengenezo yaleyale yatadumu mwaka mmoja badala ya miwili, kila siku itakuwa imenunuliwa kwa Sh. 10,000, na mwenye pikapu atarudi gereji akiwa na mtaji mdogo zaidi. Uamuzi wote, basi, unasimama juu ya swali moja ambalo rangi haiwezi kulijibu: chuma kilicho chini kitadumu muda gani?

KUTU IKO WAPI?

Kutu ya juu kwenye boneti au mlango inachukiza macho, lakini sehemu hizo hufunguliwa na kubadilishwa. Kutu inayoua gari iko mahali ambapo mnunuzi hainami kutazama.

Magari mengi madogo ya saluni hayana chesisi ya peke yake; bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kingo za chini ya milango, sakafu, na mahali shokapu zinapofungwa ni mifupa ya gari. Zikiliwa, gari limepoteza nguvu zake, na likigongwa linaweza kujikunja mahali ambapo lingepaswa kumlinda abiria. Pikapu na magari kama Toyota Land Cruiser ya kazi yana chesisi ya vyuma viwili virefu iliyo mbali na bodi. Bodi ya pikapu inaweza kuchakaa vibaya na bado gari likastahili kutengenezwa, ilimradi chesisi ni nzima. Land Rover za zamani nazo zina mabati ya aluminiamu yasiyoota kutu ya chuma, na hilo limewadanganya wengi, kwani chesisi iliyo chini yake ni ya chuma cha kawaida.

Nchini Uingereza, ukaguzi wa kila mwaka hutazama kwa makini zaidi kutu iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka mahali usukani, breki, shokapu au mikanda ya usalama inapofungwa. Ni kipimo kizuri kwa mnunuzi wa popote. Tundu kwenye mlango ni suala la bei. Tundu karibu na shokapu ni suala la roho za watu.

Mahali gari lilikoishi pia huhesabiwa. Chumvi huharakisha kutu kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme mdogo unaokula chuma. Gari la Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa lililolala nje karibu na bahari huchakaa upesi kuliko la Dodoma. Pikapu zinazobeba samaki kutoka Soko la Feri hupata dozi mbili, hewa ya bahari juu na maji ya barafu yenye chumvi yanayochuruzika kwenye sakafu na chesisi. Hata gari lililoshuka jana kutoka Japan linastahili kuinuliwa na kutazamwa, maana mikoa ya baridi kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji.

PATI HUFICHA MENGI

Pati si adui. Ikipakwa nyembamba juu ya chuma safi kilichonyooshwa, ni kazi halali ya ufundi. Shida huanza inapopakwa nene kujaza shimo, au juu ya kutu ambayo haikuondolewa. Pati hufyonza unyevu, kutu huendelea kula kimyakimya, na baada ya miezi kadhaa rangi huvimba kama ngozi iliyoungua. Kivimbe cha ukubwa wa sarafu kwa juu mara nyingi kina eneo kubwa zaidi lililooza chini yake.

Kwa anayenunua mikweche ili aitengeneze na kuiuza, hapo ndipo mtaji hupotea. Vipimo vitatu vya bei nafuu humsaidia. Cha kwanza ni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: hushika chuma kwa nguvu na hulegea juu ya pati nene. Haifai kwenye aluminiamu, wala kwenye bampa za plastiki. Cha pili ni kugonga kwa kifundo cha kidole. Bati tupu hulia, pati hutoa sauti iliyokufa. Cha tatu ni kipimo cha unene wa rangi, kifaa kidogo cha mkononi. Rangi ya kiwandani kwenye magari mengi huwa na unene wa mikroni 80 hadi 160 hivi. Penye rangi mbili, tarakimu hupanda. Penye mikroni elfu moja na zaidi, kuna pati.

Aidha, mnunuzi atazame mipira ya milango na vioo. Rangi iliyorukia mpira ni ushahidi kwamba gari lilipigwa rangi bila kufunguliwa vifaa, na aliyeharakisha hapo huenda aliharakisha hata kwenye kutu. Zulia liinuliwe na buti lifunguliwe mpaka chini ya tairi la akiba, kwa kuwa maji yaliyosimama hukaa huko.

RANGI YENYEWE

Mafundi wa mitaani hutumia zaidi aina mbili. Rangi ya NC huchanganywa na thina, hukauka upesi na ni nafuu, lakini hupoteza mng'ao mapema kwenye jua na huhitaji kung'arishwa mara kwa mara. Rangi ya 2K huchanganywa na dawa ya kukaushia, ni ghali zaidi, na huvumilia jua, mafuta na kuoshwa. Kwa gari litakaloendelea kufanya kazi miaka kadhaa, 2K ndiyo yenye nafuu mwishoni. Dawa yake ya kukaushia ina kemikali zinazodhuru mapafu, hivyo fundi anayeipuliza bila kinyago cha kufaa anahatarisha afya yake na ya walio jirani.

Kubadili rangi ya sehemu moja ni rahisi kwa gari jeupe. Rangi za fedha na nyingine zenye chembe za metali ni ngumu kulinganisha, hasa zikiwa zimekwisha pauka. Fundi mzuri hulazimika kuifinyangia rangi mpya hadi kwenye paneli ya jirani ili macho yasione mpaka, na kazi hiyo huongeza gharama.

Majira nayo yana bei yake. Wakati wa masika, gereji ya wazi ni mahali pabaya pa kupiga rangi. Unyevu mwingi wa hewa huacha ukungu mweupe juu ya rangi ya NC, na vumbi lililolowa hushika. Mwenye nafasi ya kuchagua angoje miezi ya kiangazi, au alipie gereji yenye chumba cha kupulizia.

MAPATANO NA FUNDI

Bei inayotajwa kabla ya rangi kukwanguliwa ni makadirio. Hakuna fundi anayejua ukubwa wa kutu mpaka aione. Utaratibu wa busara ni kulipia kwanza kazi ya kufungua na kukwangua, kisha mwenye gari na fundi watazame chuma kilichobaki wazi na kupatana bei ya mwisho. Kama mifupa imeliwa, hapo ndipo pa kusimama, fedha nyingi zikiwa bado mfukoni.

Mapatano yaandikwe: ni paneli zipi zitabadilishwa, zipi zitachomelewa, rangi ya aina gani, siku ngapi. Malipo yagawanywe kwa hatua, na sehemu ya mwisho itolewe gari likiwa limetazamwa mchana wa jua. Picha zipigwe kabla pati haijapakwa. Picha hizo zina kazi mbili. Humzuia fundi kuficha kutu, na siku ya kuuza humwonyesha mnunuzi kuwa chuma kilichomo ni safi. Muuzaji mwenye picha za namna hiyo huwa na hoja ya kutetea bei yake. Asiye nazo hubaki na maneno.

Baada ya kuchomelea, sehemu zenye mvungu zipuliziwe nta au dawa ya kuzuia kutu kwa ndani. Bila hivyo, joto la kuchomelea huacha chuma tupu upande usioonekana, na kutu huanzia hapo. Matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango yazibuliwe, na gari la pwani lioshwe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila mara. Kazi hiyo ya shilingi chache ndiyo inayoongeza zile siku 560 za mfano wetu.

KADI NA BIMA

Kadi ya gari huonyesha rangi ya gari. Anayebadili rangi kutoka nyeupe kwenda bluu awaarifu Mamlaka ya Mapato (TRA) ili kumbukumbu zirekebishwe, vinginevyo atapata usumbufu barabarani na siku ya kuhamisha umiliki. Kubaki na rangi ileile huepusha safari hiyo, na pia huepusha gharama ya kupiga rangi ndani ya milango na chini ya boneti, ambako rangi ya zamani hubaki ikisema ukweli.

Bima haitamsaidia mwenye kutu. Hata bima kubwa hulipa ajali, moto na wizi, wala hailipi uchakavu. Zaidi ya hayo, gari linapopotea au kuharibika kabisa, fidia hufuata thamani ya gari sokoni. Fedha zilizotumika kupita thamani hiyo hazirudi.

UAMUZI

Mpangilio wa kufikiri, basi, ni huu. Gari liinuliwe kwanza, mifupa itazamwe. Ikiwa imeliwa, liuzwe lilivyo au kwa vipuri, na mnunuzi aelezwe ukweli. Ikiwa ni nzima, ipimwe injini na gia, kwa sababu rangi mpya juu ya injini inayokula oili ni fedha zilizotupwa. Vyote viwili vikiwa vizima, anayeuza atengeneze kasoro zinazoonekana kwa mbali na kuishia hapo. Mwenye gari la kazi atengeneze vizuri, kwa vifaa vya kudumu, iwapo gharama ya siku moja ya kazi inabaki chini ya ile ya kununua jingine.

Magari ya kumbukumbu, yale yanayotunzwa kwa mapenzi, hayamo katika hesabu hii. Mwenye nalo ana haki ya kulilipia apendavyo, ilimradi asiiandike gharama hiyo kwenye daftari la biashara na kuiita uwekezaji.